Sukari ya Wabebaji

Vijana wa ofisini mmeniomba niandike juu ya tipu. Mwezi uliopita nilipokuja kurudisha koti la mvua na mfuko wa huduma ya kwanza, niliwakuta mnabishania tangazo mnalotaka kubandika ukutani: mgeni aambiwe atoe kiasi gani, ampe nani, na ampe lini. Mmoja wenu akasema, "Mzee Athumani aandike yeye, amekula tipu miaka mingi kuliko sisi wote." Mkacheka. Na mimi nikacheka, nikapanda bodaboda nikarudi kijijini. Kabla sijafika Magamba kicheko kilikuwa kimeshaisha.

Tangazo siliwezi. Ninachoweza ni kuwaambia niliyoyaona tangu nilipoanza kazi hii ya kuongoza wageni milimani hadi magoti yaliponikatalia. Yatakayowafaa mchukue. Mtakaochoka kusoma, nendeni mkasafishe mabuti, maana niliyaona yalivyo.

Siku ya kwanza nilivaa raba za kaka yangu, kubwa kuliko mguu wangu, nikazijaza magazeti kwa mbele. Aliyepewa kunifundisha alikuwa Mzee Mbwana, mtu wa kijijini kwetu, kijiji kilicho mbele zaidi ya Mlola ambacho jina lake nalificha kwa sababu wenyewe bado wapo na wanasoma. Kabla ya kuongoza wageni alikuwa mlinzi wa msitu. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na Kiingereza chake hakikuzidi maneno arobaini, kumi kati ya hayo yakiwa majina ya ndege. Lakini wageni walimpenda yeye kuliko sisi tuliomaliza kidato cha nne. Akisimama, wanasimama. Akiinua kidole, wananyamaza, na kweli ndege anatokea.

Siku hiyo tulikuwa na akina mama wawili wa Kizungu. Tuliwapeleka Irente wakaone bonde, tukarudi kwa njia ya mashambani. Katikati mvua ikatukuta, tukaingia kwa mama mmoja aliyekuwa akipika. Alitukaribisha, akatupa maziwa na ndizi za kuchemsha, mvua ikakatika, tukaaga tukaondoka. Jioni tulipofika mjini, mmoja wa wale wageni alinipa noti kadhaa zilizokunjwa. Nikazikunjua pale pale mbele yake, nikahesabu, nikatabasamu hadi masikioni.

Mzee Mbwana alingoja wageni waingie ndani.

"Ulihesabu," akasema.

"Ndiyo, mzee. Nilitaka kujua ni kiasi gani."

"Sasa na yeye anajua kwamba ulitaka kujua."

Nilitamani ardhi inimeze. Hakunigombeza zaidi ya hapo. Alinichukua hadi dukani, akaninunulisha kilo moja ya sukari na mche wa sabuni kwa zile zile noti, kisha akaniambia twende. Twende wapi? Kwa yule mama wa maziwa, saa nzima ya kupanda, na mimi vidole vya miguu vimejaa malengelenge. Njiani nikamuuliza kwa nini tusingempa hela mchana ule ule, tukamaliza.

"Ukimpa hela umenunua maziwa," akasema. "Yeye hakuuza."

Nilimwona mzee msumbufu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na njaa yangu, nikaona sukari yangu inakwenda hivi hivi. Yule mama alipoipokea alishukuru sana, akatupakulia tena ndizi. Kila nilipopita pale na wageni, kwa miaka mingi, mlango ulikuwa wazi.

Kwa hiyo somo la kwanza ndilo hilo. Tipu huombi, wala huidokezi kwa kukohoa, wala husimami mlangoni mwa gari mkono ukiwa unaning'inia. Ukipewa, pokea kwa mikono miwili, shukuru, weka mfukoni. Ukifika kwa wenzako, sema umepewa nini, kwa sababu mpishi aliyebaki na moshi hakuonekana na mgeni, na mpagazi alitangulia na mizigo. Nimewaona waongozaji wazuri wakiachwa na wapishi wao katikati ya safari kwa ajili ya tipu iliyomezwa kimya kimya. Mmoja aliachwa juu kule Mtae na wageni sita na sufuria tupu. Sitamtaja, anajijua, na siku hizi ni mtu mzima mwenye heshima zake.

Kuhusu kilicho kidogo na kilicho kingi, niliona vituko. Kuna mgeni aliyenipa mabuti yake mwenyewe, namba arobaini na sita, mimi navaa arobaini. Mke wangu alipanda vitunguu ndani yake na vilistawi. Kuna mwingine alitembea nasi siku tano, akaaga kwa kupunga mkono tu, tukamsema njia nzima. Baada ya miezi sita ikaja bahasha yenye miwani ya kusomea ya Mzee Mbwana. Kumbe alimwona akisogeza kitabu cha ndege mbali na macho. Aibu ilitushika wote.

Na kuna dada mmoja aliyekuwa akihudumia mezani mahali ambapo wageni hula jibini na jamu wakiangalia milima. Huyu aliniambia jambo ambalo sikulisahau. Mgeni alimwachia asubuhi tipu kubwa mno. "Basi kaka Athumani," akasema, "siku ile nzima nilimzunguka yule yule. Wateja wengine walikunywa chai ya baridi, na wengine walikuwa watu wa hapa hapa Lushoto wamekuja na watoto wao. Nilijiona, lakini sikuweza kujizuia." Alikuwa mkweli kuliko wengi wetu.

Mgeni akiniuliza tipu gani inafaa, nilikuwa nikimjibu hivi: ile ambayo mtu akishaipokea, kesho yake anarudi kazini kama kawaida. Iliyozidi ni ile inayomgombanisha na jirani yake. Walikuwa wakitikisa kichwa, wanasema mzee ana busara. Wasichokijua ni kwamba niliyajua hayo baada ya kuharibu.

Sasa nije kwenye hilo nililoharibu.

Kijijini kwetu gari haifiki hadi leo. Kutoka nyumbani hadi barabarani ni mwendo wa saa mbili ukiwa mzima na huna mzigo. Siku hizi pikipiki inajitahidi kiangazi, lakini masika ule udongo mwekundu unateleza na hakuna dereva mwenye akili atakayempakia mgonjwa. Kwa hiyo mgonjwa hubebwa. Balozi wa nyumba kumi anapiga filimbi yake, wanaume wanaacha majembe, wanafunga blanketi kwenye miti miwili mirefu, machela imekamilika. Wanabeba wanne wanne, wanapokezana. Kipande cha kwanza, kutoka bondeni hadi kwenye mgongo wa mlima, ndicho kinachowavunja watu mabega. Waliobeba kipande hicho wanarudi nyumbani kwenye ng'ombe na mashamba yao, na watu wa kitongoji cha juu wanapokea hadi barabarani. Akina mama wanatangulia na ndizi na maji.

Hakuna malipo. Tangu babu zetu hakukuwa na malipo. Mgonjwa akipona, au hata asipopona, watu wa nyumba yake wanapeleka sukari na majani ya chai kwa balozi. Ijumaa baada ya swala inapikwa sufuria kubwa, wanakunywa wote: aliyebeba kipande cha juu, aliyebeba cha chini, na hata aliyekuwa ameugua jino siku hiyo akashindwa kubeba. Hakuna anayeulizwa. Mimi mwenyewe nilibeba mara nyingi kabla ya kazi hii, na mama yangu alibebwa mara mbili.

Ilikuwa masika. Mzee Mbwana alikuwa ameshaacha kazi, amerudi kijijini kwenye migomba yake. Mimi nilikuwa na mgeni mmoja, mwanamume wa makamo, mpole, anayependa kupiga picha konokono. Nitamwita Mgeni wa Mguu, maana ndivyo kijiji kilivyomwita baadaye. Tulikuwa tunashuka bondeni kwetu aliposema anataka kumpiga picha kinyonga aliyekuwa juu ya jani, akakanyaga ukingo wa njia, ukingo ukaondoka. Mguu ulivunjika chini ya goti. Nilisikia mlio wake, na sitaki kuueleza.

Filimbi ilipigwa. Walikuja watu zaidi ya ishirini katika mvua ile. Hakuna aliyeuliza ni nani. Walimpandisha mlima wakiteleza, wakipiga magoti kwenye matope bila kuiachia machela, na mmoja akang'oka ukucha wa kidole gumba akaendelea. Juu ya mlima watu wa kitongoji cha juu wakapokea, wa kwanza wakarudi. Ilikuwa saa tano za kubeba. Mzee Mbwana alitembea nasi njia nzima, akimshika mgeni mkono na kumwambia yale maneno yake arobaini, moja moja, ili asizimie.

Barabarani gari ilikuwa inangoja. Tulipomlaza mgeni kiti cha nyuma, alianza kulia. Hakulia kwa maumivu, wale wabebaji walikuwa wamemgusa roho. Akafungua mkoba wake wa kiunoni, akatoa dola, akaniuliza kwa Kiingereza awape nini watu hawa.

Mzee Mbwana alikuwa pembeni yangu. "Anasema nini?"

"Anataka kuwashukuru."

"Mwambie sukari. Kilo tano na majani ya chai, tumpelekee balozi. Inatosha na inazidi."

Wote walisikia alichokisema. Mgeni naye alinitazama, akingoja nitafsiri. Nikamwambia, "Mzee anasema utoe kama moyo wako unavyokutuma."

Ndivyo nilivyosema. Nimejitetea miaka mingi kwamba niliwahurumia. Kabichi mwaka ule zilikuwa zimeozea shambani, watu walikuwa wamechoka, na mbele yangu kulikuwa na mtu mwenye hela anayetaka kuzitoa. Nani angewanyima? Hayo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba nilijua akifungua mkono kwao, kwangu ataufungua zaidi. Na aliufungua.

Nilizigawa mimi kwa mkono wangu. Kila mbebaji aliyekuwa pale barabarani alipata zaidi ya anachopata kwa msimu mzima wa kabichi. Watu walishangilia, wakanibeba juu juu. Nilipomfikia Mzee Mbwana na noti yake, aliweka mikono nyuma ya mgongo.

"Leo umewalipa, Athumani."

"Si mimi, mzee. Ni mgeni."

"Mgeni hajui kinachofanyika hapa. Wewe unajua."

Akageuka akaanza kupanda mlima kurudi nyumbani, peke yake, na mvua ile. Sikumfuata. Nilipanda gari na mgeni wangu hadi hospitali.

Mmeshaliona kosa, natumaini. Waliolipwa ni waliokuwa barabarani. Waliovunjika mabega kwenye kipande cha kwanza, yule mwenye ukucha, akina mama wa ndizi, wote walikuwa wameshateremka nyumbani. Habari iliwafikia kabla ya magharibi. Siku ya pili wake zao walikuwa wanaulizana kisimani. Mwezi haukuisha nyumba tatu za kitongoji cha juu zikaezekwa bati jipya, na watu wa bonde wakaziita "bati za mguu". Unamsikia mtu akimwelekeza mwenzake njia, "Ukishapita ile bati ya mguu, kata kushoto." Ilikuwa mzaha, lakini mzaha wa kuuma meno. Ijumaa ile balozi hakupika chai. Hakukuwa na sukari.

Filimbi iliyofuata ilikuwa ya mtoto wa kwetu aliyeungua na uji. Watu walitoka, lakini walitoka polepole, na mmoja akauliza, "Ni mgeni au ni wa hapa?" Wakacheka, wakambeba. Filimbi ya pili walipungua. Wa bonde walisema, "Waende waliolipwa." Wa juu walisema, "Kila mara sisi?" Balozi, maskini, akajaribu kurekebisha kwa kuweka kiwango: nyumba ya mgonjwa itoe kidogo kwa kila mbebaji, ya soda tu. Wallahi, alidhani anatibu. Ya soda ikawa ya soda mbili. Kisha ikawa lazima itangulie. Wajane wakaanza kuuza kuku kabla ya kumwita balozi, na wengine waliona bora mgonjwa alale nyumbani labda atapata nafuu.

Nilijua yote hayo. Nilikuwa nafika kijijini kila mwisho wa mwezi, nashinda na mke wangu, nasikia. Mzee Mbwana nilimpitia kila mara. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Tunaongea habari za ndege. Hakuwahi kuligusa lile, na mimi sikuthubutu. Afadhali angenitukana.

Mwaka wa tatu baada ya ule mguu, masika tena, nilikuwa ofisini asubuhi nikipanga wageni. Simu ikalia. Alikuwa Rukia, binti yake Mzee Mbwana, anayeishi naye.

"Kaka Athumani, baba ngiri imemkaza tangu alfajiri. Anatapika. Tumbo limekuwa gumu."

"Filimbi?"

"Imepigwa. Wamekuja watano."

Watano hawatoshi. Kwa mlima ule na matope yale, wanane ni wachache. Nikamuuliza wengine wako wapi. Akasema, "Wanauliza ya soda. Wanasema baba alikuwa mtu wa wageni, hawezi kukosa."

Nikatuma hela kwa simu, nyingi kuliko walizotaka, nikamwambia azitoe dukani kwa wakala, awagawie upesi. Nilidhani nimemaliza. Nikamwachia mwenzangu wageni, nikatafuta bodaboda. Nikiwa barabarani simu ikalia tena.

"Baba amekataa."

"Amekataa nini?"

"Amesikia nikimhesabia mtu hela mlangoni. Amesema nizirudishe. Amesema hatalipiwa kubebwa kijijini kwake. Anasema akibebwa na hela leo, kesho asiye na hela atafia ndani." Akaanza kulia. "Kaka, njoo wewe. Labda wewe atakusikiliza."

Bodaboda ilinifikisha mahali ilipoweza, nikamalizia kwa miguu, nikianguka na kuinuka. Nilimkuta Mzee Mbwana kitandani, amejikunja, uso una rangi ya majivu, jasho linamtoka. Nikamwamkia. Akaitikia, hata katika hali ile.

"Mzee, nakuomba. Tutoe hela leo, tuyazungumze mengine ukipona."

"Waite waje," akasema. "Wakija, nitakwenda."

"Hawaji, mzee."

"Hujawaita. Umewatumia hela."

Nikatoka. Nilikwenda nyumba hadi nyumba, mimi mtu mzima mwenye mvi, nikibisha hodi kama mwombaji. Nyumba ya Shabani niliikuta ina bati linalong'aa kwa mvua. Shabani alikuwa mmoja wa waliokuwa barabarani siku ile, kijana wa mabega mapana, hodari wa machela kuliko wote. Nikamwambia, twende tukambebe mzee.

"Kaka Athumani," akasema, na hakuwa na hasira, ndiyo maana iliniuma. "Mimi nilibeba tangu nina miaka kumi na saba. Bure. Siku moja ukanipa dola. Tangu siku hiyo kaka zangu wa kule bondeni hawanisemeshi, wanasema nimekula peke yangu. Nikibeba bure leo watasema najisafisha. Nikibeba kwa hela watasema ndiyo tabia yangu. Niambie wewe, nibebeje?"

 Nikasimama kwenye matope uani kwake nikamwambia ukweli, wa kwanza kuusikia akiwa yeye. Nikamwambia kwamba Mzee Mbwana alisema sukari, wote mlimsikia, na mgeni hakukataa sukari. Hakuambiwa. Mimi ndiye niliyebadilisha maneno.

 "Kumbe ni wewe," Shabani akasema. "Sisi tulidhani mgeni ndiye alimkatalia mzee." Akaingia ndani, nikajua nimefukuzwa. Akatoka na koti lake.

Maneno yale yale nilikwenda nikayasema nyumba iliyofuata, na iliyofuata. Wengine walinitukana, haki yao. Mwenye ukucha alifunga mlango. Lakini mmoja mmoja walitoka. Wanane walipotimia ilikuwa imeshapita alasiri. Tangu alfajiri hadi alasiri, ngiri imemkaza. Mnayafahamu mafunzo ya huduma ya kwanza, sina haja ya kuwaambia.

Tulimbeba. Hakuna aliyepewa hata senti, na alihakikisha, aliuliza mwenyewe, "Hamjalipwa?" Shabani akamjibu, "Hatujalipwa, mzee. Tulia." Akatulia. Kile kipande cha kwanza nilibeba mimi upande wa kichwani, magoti yananiwaka, na ndiyo siku yalipoharibika kabisa. Mzee alikuwa akiongea taratibu Kishambaa, na mama yake aliyekwisha kufa zamani, kama anamwitikia kutoka shambani. Tulipofika mgongoni mwa mlima, mahali pa kupokezana, tukaishusha machela tubadilishane mabega. Rukia akamfunika vizuri blanketi. Akaweka mkono kifuani pa baba yake, akauacha pale. Kisha akatutazama.

 Shabani alikaa chini kwenye matope, akashika kichwa. Mimi nililia kwa sauti, mbele ya watu, sikujali. Tukageuza machela tukaanza kushuka.

Vijana, mliniuliza mgeni aambiwe atoe kiasi gani. Andikeni mtakachoona kinafaa, mimi ukuta si wangu tena. Lakini mkisimama kati ya mgeni na mtu wa hapa, na mmoja akawaambia neno la kumpelekea mwenzake, lipelekeni kama lilivyo. Mgeni hawezi kujua ni wapi tipu inakuwa shukrani na wapi inavunja nyumba ya watu. Hilo analijua mwongozaji, na ndiyo kazi yake hasa. Ndege hata kitabu kinawajua.

Mzee Mbwana tulimzika kesho yake baada ya adhuhuri. Mvua ilikuwa imekatika. Walikuja watu wa bonde, wa juu, wa vijiji vya jirani, na wengine walitembea kutoka Mlola. Mwenye ukucha alikuja. Waliofunga milango walikuja. Jeneza lilipotoka msikitini kila mtu alitaka kuweka bega, wakawa wanasukumana, anayetoka anaomba arudi tena, watu wanakimbia pembeni wakisubiri zamu. Nilijaribu mara mbili kupenya nimshike, nikasukumwa nje. Hakuna aliyeuliza ya soda. Kutoka msikitini hadi makaburini si zaidi ya hatua mia mbili, na waliombeba walikuwa wengi kuliko hatua zenyewe.